Probayotiki kwenye chakula cha samaki: kwanza hakikisha wako hai

Kila wiki kuna mfugaji mwenzangu ananiuliza, hivi hizi probayotiki za kuchanganya kwenye chakula zinafanya kazi kweli au tunauziwa unga tu? Na mi kabla sijajibu namuuliza kwanza, umechanganyaje? Maana ukimsikiliza mtu alivyochanganya, mara nyingi jibu lake liko humohumo. Probayotiki ni viumbe hai, yaani bakteria au hamira ambao ukimpa mnyama kwa kiasi cha kutosha wanamsaidia afya yake, ndo maana hata FAO na WHO, yale mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, walipokaa mwaka 2001 kuweka maana ya neno lenyewe walisema lazima wawe hai na lazima wawe wa kutosha. Wengi tunakwama kwenye hayo mambo mawili, uhai na wingi, na mi nilikwama kwenye la kwanza.

Ngoja niwasimulie. Nilikuwa nalisha sato kwa chakula cha kuelea na ule unga wa probayotiki ulikuwa haushiki kabisa, ukimwaga chakula majini unauona unatawanyika juu ya maji kama vumbi, samaki anakula punje tupu na unga unabaki bwawani. Nikaona nitafute kitu cha kuushikiza. Nikapika uji mwepesi wa wanga, ukachemka vizuri mpaka ukawa unavutika, nikauepua na hapohapo mvuke bado unatoka nikamimina ule unga nikakoroga, alafu nikaumwagia chakula nikageuza kwa mikono. Ulishika kweli, kila punje inang'aa. Nililisha hivyo wiki tatu. Hamna kilichobadilika, wala ulaji wala vifo. Nikasema basi hizi ni uongo, na nikawaambia wenzangu kadhaa hivyohivyo, jambo ambalo mpaka leo linaniuma maana mmoja wao aliacha kabisa. Baadae sana ndo nikaligeuza lile paketi nikasoma nyuma: Lactobacillus (bakteria wa jamii ya wale wa kuchachusha maziwa), hifadhi mahali pa baridi, usichanganye na kitu cha moto. Kumbe wiki tatu zote nilikuwa nawapika.

Kilichonirudisha huku ni antibayotiki. Samaki walianza kutoka vidonda, wengine tumbo limevimba na magamba yamesimama, nikapewa dawa ya kuchanganya kwenye chakula na vifo vikasimama, nikafurahi. Baada ya kama mwezi vikarudi. Nikalisha dawa tena, safari hii ilichelewa kufanya kazi. Mara ya tatu haikufanya kitu. Ndipo nikapeleka samaki maabara wakiwa bado wanatapatapa (ukipeleka aliyeoza wataotesha bakteria wa kuozesha tu, hawatakuambia chochote cha maana) na mtaalamu akanionyesha kisahani cha kuoteshea. Juu ya bakteria amepanga viduara vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa inayofaa inaacha duara safi kuizunguka, bakteria hawasogei. Kwenye karatasi ya dawa niliyokuwa nalisha hamkuwa na duara lolote, wale bakteria waliokuwa wanaua samaki wangu, wanaitwa Aeromonas, wameota mpaka wamegusa karatasi yenyewe. Nilikitazama kile kisahani muda mrefu. Dawa nililipia, muda nilipoteza, na nilichopata ni kufuga bakteria sugu bwawani kwangu mwenyewe.

Na usugu haubaki kwa samaki, bakteria wanapeana vinasaba vya usugu wao kwa wao, hata bakteria wa aina tofauti, kwahiyo kinacholelewa bwawani kinaweza kufika kwa binadamu. Ndo sababu Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kulisha mifugo antibayotiki za kukuzia kuanzia tarehe 1 Januari 2006. Mi sisemi antibayotiki zitupwe, ugonjwa wa bakteria ukishalipuka na maabara ikakuambia dawa gani inaua, tumia kwa dozi kamili na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Ninachokataa ni kulisha dawa "kwa kuzuia" kila mwezi kama vile ni chumvi. Hiyo kazi ya kuzuia ndo naona probayotiki wanaistahili.

Sasa wanafanyaje huko ndani? Utumbo wa samaki haujawahi kuwa mtupu. Sato ana utumbo mrefu, ukiunyoosha ni mara kadhaa ya urefu wa mwili wake, na humo wanaishi bakteria wengi sana ambao wengine wanamfanyia kazi kubwa, mfano vitamini B12 sato hahitaji sana kuwekewa kwenye chakula kwa sababu bakteria wa utumboni mwake wanaitengeneza wenyewe. Na tofauti na ng'ombe au kuku, samaki anaishi ndani ya maji ambayo yamejaa vimelea muda wote, yanamwingia mdomoni, yanapita kwenye mashavu yake, yanagusa ngozi yake. Yule Aeromonas yupo kwenye maji ya karibu kila bwawa hata lile lenye samaki wazima kabisa. Anangoja. Siku samaki akichoka, akakosa hewa, akakwaruzwa na wavu, ndo anapata mlango.

Ule mlango wa utumboni ndo probayotiki wanaukalia. Kwanza ni nafasi tu, ukuta wa utumbo una sehemu za kujishikiza na una chakula cha kugombania, waliokwisha kukaa wakiwa wengi yule mbaya anakosa pa kushika anatoka na kinyesi. Pili wanatoa vitu vya kumdhuru, Lactobacillus wanatoa asidi inayofanya mazingira yasimpendeze na wengi wao wanatoa protini ndogondogo zinazoua bakteria wengine. Tatu, na hii mi naipenda kuliko zote, kuna aina za Bacillus, kundi jingine la bakteria wa probayotiki, zinakata mawasiliano. Bakteria wabaya wengi hawashambulii mmojammoja, kila mmoja anatoa kemikali kidogo, zikijaa wanajua sasa tumekuwa wengi na hapo ndo wanaanza kutoa sumu kwa pamoja. Bacillus wana kimeng'enya kinachovunja zile kemikali, kwahiyo jeshi lipo lakini hakuna anayesikia amri. Alafu kuna vimeng'enya vya kusaga wanga, protini na mafuta, ambavyo vinasaidia hasa kama chakula chako kina mimea mingi, na kuna kinga: seli za ulinzi za samaki zinakaa chonjo zaidi, lisozimu, kimeng'enya kinachovunja ukuta wa bakteria, kwenye damu na kwenye ute wa ngozi inapanda. Samaki kinga yake ya haraka haraka ndo silaha yake kubwa, kuliko ile ya kukumbuka ugonjwa, kwahiyo kuichangamsha si jambo dogo.

Mambo haya si ya jana, Mjapani Kozasa aliandika mwaka 1986 kuhusu kuwapa samaki spora (bakteria waliolala ndani ya ganda gumu) za Bacillus toyoi, na tangu hapo zimefanyika tafiti nyingi mno kwa sato, kambale, kapu, samoni na kamba.

Turudi kwenye uhai sasa, maana hapa ndo penye pesa ya mtu. Bacillus wana kitu wenzao hawana, wakiona hali mbaya wanajifunga ndani ya spora, ganda gumu kweli, wanalala. Spora inavumilia joto, ukavu, asidi ya tumbo, na asidi ya tumbo la sato ni kali sana akiwa anameng'enya chakula. Ikifika utumboni ikakuta unyevu na chakula, inaamka. Lactobacillus hawana hilo ganda. Hamira nayo haina ganda la namna hiyo. Kwahiyo mtu akikuambia chakula chake cha kuelea kimewekwa Lactobacillus kabla ya kupita kwenye mashine, muulize vizuri, maana punje ikivimba ikaelea ujue imepita kwenye joto la zaidi ya nyuzi 100 na mgandamizo mkubwa juu yake. Humo anayetoka hai ni mwenye spora, na hata yeye wengine wanabaki njiani. Kwa wasio na spora, kupaka juu ya chakula kilichokwisha kupoa ndo njia yenyewe.

Mi saivi nafanya hivi. Napima chakula cha mlo wa asubuhi tu, cha kuliwa siku hiyohiyo. Nachukua maji kidogo, ya kutosha kulowesha bila kuvimbisha punje, na maji hayo yasiwe ya bomba yaliyotiwa klorini kwa sababu klorini kazi yake ni kuua bakteria na haichagui, natumia ya kisima au ya bomba yaliyokaa wazi kwenye ndoo siku nzima. Nakoroga unga wa probayotiki humo, natia kwenye chupa ya kupulizia, nanyunyiza huku nageuza chakula kwenye beseni pana. Naacha kinyonye kama robo saa. Alafu mafuta, kama mililita 20 kwa kilo, nageuza tena mpaka punje zote zipate, hiyo ndo inayozuia bakteria wasioshwe mara tu chakula kikigusa maji. Nakausha kivulini, kamwe si juani, jua linaua. Nikimwaga bwawani namwaga kidogokidogo samaki wakiwa na njaa ya asubuhi, jua limeshapanda kidogo na hewa imerudi majini, punje isikae inaelea dakika ishirini ikivuja.

Kuhusu wingi, watu wanauliza nitie vijiko vingapi, na hilo swali halina jibu mpaka uangalie paketi ina bakteria wangapi kwa gramu. Majaribio mengi ya samaki yanatumia kuanzia milioni 1 hadi bilioni 1 kwa gramu moja ya chakula, na mi nalenga kati ya milioni 10 na milioni 100. Hesabu yake ni rahisi: paketi ikiwa na bilioni 10 kwa gramu, ukitia gramu 1 kwenye kilo ya chakula umegawa bilioni 10 kwa gramu 1,000, unapata milioni 10 kwa gramu. Ukitia gramu 10 ni milioni 100. Lakini paketi ikiwa na bilioni 1 tu kwa gramu, ile gramu 1 inakupa milioni 1, uko mbali chini ya ile ninayolenga. Unaona vijiko vinavyodanganya? Paketi isiyoandika jina la bakteria, idadi na tarehe ya mwisho mi siichukui hata nikipewa bure, na nikikuta imeandika na namba ya aina yenyewe ndo naamini zaidi, kwa sababu Bacillus subtilis mmoja si sawa na mwingine, na kwa kundi la bakteria wanaoitwa Enterococcus hasa unataka kujua, maana wako wanaobeba vinasaba vya usugu.

Kuzidisha dozi nako hakuleti maajabu, kuna majaribio dozi ya juu kabisa ilifanya vibaya kuliko ya kati.

Wapo wanaochachusha nyumbani, maziwa mgando, molasi na hamira ya mikate, wanaloweka pumba siku mbili tatu. Sipingi. Kuchachusha kunapunguza vitu vilivyomo kwenye mimea vinavyozuia chakula kumeng'enywa, asidi inasaidia, na hamira hata ikifa ukuta wa seli zake una beta-glukani, aina ya wanga, ambayo inachangamsha kinga ya samaki. Kwahiyo si kila kilichokufa ni bure, hilo nalikubali. Shida yangu ni mbili: hujui una wangapi, na hujui nani mwingine ameingia kwenye ndoo. Kikinuka uchachu mzuri sawa, kikiota ukungu au kikinuka kuoza tupa chote, usikwangue juu ukalisha chini, sumu ya ukungu inatulia kwenye ini la samaki taratibu wala hutaona siku ya kwanza. Kingine, baadhi ya bakteria wa maziwa mgando wanapenda joto kama la mwili wa mtu, na samaki joto lake ni la maji anamoishi, kwenye maji ya nyuzi 24 wengine watapita tu bila kukaa. Ndo maana watafiti wanapenda kutafuta bakteria kutoka utumbo wa samaki wa aina ileile.

Wakati wa kulisha una maana kubwa. Ukingoja samaki waanze kuzunguka kama wamelewa na macho kutokeza, ile dalili ya ugonjwa wa bakteria Streptococcus, umechelewa, na samaki mgonjwa hali, sasa utampaje bakteria kupitia chakula asichokula? Kuna siku nilipasua mmoja wa hao, utumbo mwembamba kama uzi, ndani hamna kitu, na kifuko cha nyongo kimejaa kijani kwa sababu alikuwa hajala siku kadhaa. Chochote nilichopaka kwenye punje siku zile hakikumfikia. Mi naanza na vifaranga wangali wadogo wanapoanza kula, wakati utumbo wao bado unapokea wakazi wa kwanza, kisha natilia mkazo kuwalisha probayotiki wiki mbili kabla ya shughuli ya kuwachosha: kuwachambua, kuwasafirisha, kuwahamisha bwawa. Pia baada ya dozi ya antibayotiki kwisha, maana dawa imefagia wote wazuri na wabaya na utumbo umebaki kama shamba lililolimwa, atakayewahi ndo ataota. Lakini si wakati wa dozi, ukiwalisha pamoja dawa itawaua haohao uliowanunua. Na usitegemee ulishe wiki moja uache, wengi wao hawahamii moja kwa moja, ukiacha kulisha wanapungua ndani ya siku au wiki chache mpaka wanaisha.

Kitu kinachonisikitisha ni mtu kutia probayotiki kwenye bwawa ambalo samaki wanapanda juu kutafuta hewa kila alfajiri. Rafiki yangu, hao wanahitaji oksijeni. Sato anataka walau miligramu 4 au 5 kwa lita, amonia ikiwa juu mashavu yanaungua, hakuna bakteria wa utumboni atakayeziba hilo. Virusi pia probayotiki hawaponyi. Alafu usiwachukulie kuwa ni sawa na wale bakteria wa kumwaga majini, wale kazi yao ni uchafu na amonia ya bwawa, ni bidhaa nyingine, na baadhi yao wakila uchafu wanatumia oksijeni nyingi, ukimwaga jioni bwawa likiwa limejaa mwani unaweza kuamka na msiba.

Sasa utajuaje zinakusaidia? Wengi tunapima kwa macho, "naona wamechangamka". Mi nimeweka vizimba viwili ndani ya bwawa moja, vifaranga wa kundi moja, idadi sawa, chakula sawa. Kimoja kinapata mafuta na probayotiki, kingine kinapata mafuta peke yake, na hapo kwenye mafuta nasisitiza kwa sababu mafuta ni nguvu, ukipaka upande mmoja tu utasifia bakteria kumbe ni mafuta. Naandika chakula kila siku, nahesabu vifo kila asubuhi, na kila baada ya wiki mbili napima sampuli. Mwisho unagawa chakula kilicholiwa kwa uzito ulioongezeka, yaani uzito wa mwisho ukatoa ule wa kuanzia, watu wengi wanasahau kuutoa: kilo 30 za chakula zikiongeza kilo 20 za samaki umepata 1.5, yaani kilo moja na nusu ya chakula kwa kila kilo ya samaki.

Duru ya kwanza kizimba cha probayotiki kilikula chakula kidogo kwa kila kilo ya samaki na vifo vilikuwa vichache hasa ile wiki baada ya kuwachambua. Sijaridhika bado, kizimba kimoja kwa kimoja inaweza kuwa bahati tu, pengine kile kilikuwa kinapata upepo na hewa zaidi, tena maji ni yaleyale kwahiyo bakteria wengine lazima wamevuka wakafika kwa jirani. Duru hii nimevibadilisha nafasi, kilichokuwa upande wa maji kuingia kimeenda upande wa kutoka, na kuna mwenzangu mwingine naye ameanza vyake viwili kwa utaratibu huuhuu. Jumamosi ndo tunapima sampuli ya tatu. Yule niliyemwambia zamani kwamba hizi ni uongo nimempigia, anakuja kushika daftari.